Kuni za Mzazi na Mdudu wa Mikaratusi

Madereva wa malori wanaoshika njia ya Njombe hawazimi injini hapa Makambako miezi ya baridi. Wanajua kwamba wakizima, watazungusha hendeli mpaka viganja viote malengelenge, na abiria huku nyuma watakuwa wanawacheka. Kwa hiyo dereva wa lori la Njombe aliposimama mbele ya karakana yangu wiki iliyopita, akazima injini na kushuka, niliweka randa chini kabla hajafungua mdomo.

“Kamwene, fundi.”

“Kamwene.”

“Yule mzee wa magogo ametutoka. Jana, jua likishuka. Wamesema uje, na uje na mbao.”

“Za urefu gani?”

“Urefu wake unaujua, fundi.”

Ni kweli nilikuwa naujua. Alikuwa mrefu kuliko mlango wowote niliowahi kutengeneza, na kila alipoingia katika karakana yangu aliinama kama mtu anayeingia zizini. Nikachagua mbao, nikaongeza moja kwa tahadhari, tukapakia. Dereva akaondoa lori. Nilikuwa nikitazama mikaratusi iliyopandwa kando ya barabara, mashina yake meupe na marefu, na nikawaza kwamba mingi kati ya hiyo imesimama hadi leo kwa sababu ya mtu tunayekwenda kumzika.

Wasomaji wa safu hii wamenizoea nikiandika juu ya barabara zetu, ndoa za vijana, na mafundi wanaopigilia msumari pale panapotaka kiungo cha ulimi na tundu. Leo naomba niandike juu ya mtu mmoja. Sikuwa rafiki yake wa karibu, na sitaki kujifanya hivyo sasa kwa kuwa hayupo wa kunikanusha. Tulifahamiana kwa sababu ya miti. Mimi niliahidi kutengeneza kenchi za paa la shule ya kijiji chao, na yeye wazazi walimchagua kuitunza mikaratusi ambayo kenchi hizo zingetoka. Wakati huo watoto wa pale walikuwa wakimaliza darasa la nne na habari inaishia hapo, kama ilivyoishia kwangu. Aliyetaka mwanawe aendelee alipaswa kumpeleka mbali, akalale kwa watu. Wazazi walikuwa wamekubaliana kujenga madarasa ya juu kwa mikono yao. Matofali walifyatua, mawe walibeba. Miti walikuwa wameipanda mapema, ikakua pamoja na watoto wenyewe, na ilikuwa imebaki misimu michache tu ianze kukatwa. Ndipo mdudu akaja.

Namna alivyokuja siijui, na wanaodai kujua wanatofautiana. Wengine walisema alisafiri ndani ya magogo yaliyoletwa kwa lori kutoka mbali kusini, wengine walisema katika mbao za masanduku ya mitambo. Ni mbawakawa mwenye rangi ya kahawia, mwembamba, mwenye vipapasio virefu kuliko mwili wake. Ukimwona juu ya gome unaweza kumpenda. Ubaya wake uko kwa watoto wake. Anataga mayai katika nyufa za gome, funza wanatoka na kula chini ya gome kuuzunguka mti mpaka maji yasipande tena, kisha wanatoboa ndani ya mti wenyewe, wanajifungia humo, na baada ya muda wanatoka wakiwa na mabawa. Mkaratusi wenye afya unaweza kumshinda kwa utomvu wake mwekundu unaomzamisha funza angali mdogo. Lakini mti uliochoka kwa kiu, au uliokatwa ukalazwa chini, hauna la kumfanya. Haya yote niliyasikia kwa Bwana Miti, kijana wa Kiafrika wa Idara ya Misitu aliyesomea kazi hiyo, ambaye alikuwa akija kwa baiskeli kutoka Njombe akiwa amefunga suruali yake kwa kamba ya katani ili isinaswe na mnyororo.

Marehemu hakukaa shuleni hata siku moja, lakini alikuwa msikilizaji mzuri, na nasema hivyo kwa maana yake halisi. Bwana Miti alipomwambia kwamba funza wakiwa wengi huweza kusikika wakitafuna, alianza kwenda msituni kila asubuhi, anakumbatia mti na kubandika sikio. Wapita njia walimkuta amefumba macho, shavu limeganda juu ya gome, na hakuwajibu mpaka amalize. Kijijini wakaanza kusema kwamba mzee sasa anaungamisha miti. Siku moja nilikwenda kupima mashina, nikamkuta katika hali hiyo, nikamwuliza kama huo wa leo ulikuwa na dhambi nyingi. Hakucheka. Alinishika kichwa kwa mkono wake mkubwa, akanibandika pale alipokuwa amesikiliza yeye.

“Nyamaza kwanza,” akasema. “Acha kupumua kama fahali.”

Nikanyamaza. Nikasikia, kwa mbali sana, kama mtu aliye chumba cha pili akitafuna mahindi makavu.

“Hilo ndilo paa lako linaliwa, fundi,” akasema. Tangu siku hiyo sikumtania tena juu ya jambo lile, ingawa wengine waliendelea.

Dawa aliyoileta Bwana Miti haikuwa ya kunyunyiza wala ya chupa. Tukate miti michache iliyodhoofika, alisema, tukate magogo, tuyalaze kivulini na magome yake. Mbawakawa ataacha miti iliyosimama na kukimbilia yale magogo, kwa kuwa ndiyo anayoyapenda. Atataga. Tutamwacha atage. Kisha kabla funza hawajatoboa kuingia ndani, tunabambua magome yote na kuyachoma moto, na kizazi kizima kinakwisha. Gogo lililobaki ni kuni safi, anayetaka achukue. Alituonya jambo moja tu: mtego huu ukisahauliwa, unageuka kuwa malezi. Magogo yale yakiachwa na magome yake mpaka joto la mwezi wa tisa lirudi, tutakuwa tumewajengea mbawakawa nyumba yao.

Ilieleweka vizuri, na watu wa kuifanya walikuwapo. Upande ule vijana wengi wamefanya vibarua katika mashamba ya miwati, ambako kazi ni kubambua magome tangu asubuhi hadi jioni. Mtu aliyezoea miwati anaweza kuuvua mti gome lake kama mama anavyomvua mtoto shati. Shida haikuwa mikono. Shida ilikuwa kwamba habari ile ilifikishwa kwa watu kwa njia tuliyoizoea wote. Jumbe aliita baraza. Ikasomwa amri kwamba asionekane mtu ana magogo ya mkaratusi yenye magome nyumbani kwake, na atakayeonekana atatozwa faini. Watu wakasikiliza, wakasema ndiyo, wakaenda nyumbani na kuzipandisha kuni zao darini. Siwalaumu. Katika miaka ile kila kilichotoka barazani kilikuwa na faini mkiani, kiwe matuta ya kuzuia mmomonyoko au josho la ng’ombe, hata vilivyo na faida. Mtu akiambiwa mara nyingi kwamba atalipa, anaacha kuuliza kwa nini, anauliza tu afiche wapi.

Marehemu aliliamini baraza lile. Alikuwa mtu wa kunyooka, na alidhani neno likishasemwa mbele ya watu wote limekwisha. Alilaza magogo yake ya mtego penye bonde chini ya msitu, akayaacha yafanye kazi yake, na asubuhi moja, muda wa kuyabambua ulipowadia, alishuka na vijana wawili wa miwati na mapanga yaliyonolewa. Bonde lilikuwa tupu. Palikuwa na alama tu za mahali magogo yalipolala, na nyasi za njano zilizokosa jua.

Sasa lazima nieleze desturi moja, kwa ajili ya wasomaji wa pwani na wa kwingine kusiko na baridi kama yetu. Kwetu mwanamke akijifungua, hutunzwa ndani na moto hauzimwi. Mtoto wa nyanda hizi akizaliwa mwezi wa sita anaikuta sakitu, umande ulioganda, nje na ukungu mlangoni, na moto ndio wa kwanza kumpokea. Kwa hiyo ndugu na majirani huleta kuni, na zinapangwa ukutani mwa nyumba yake, na ukubwa wa lundo lile ndio heshima yake. Kuni za mzazi haziombwi. Ukikuta mti umeanguka, ukachukua kwa ajili ya mzazi, hakuna atakayekuuliza. Na zikishapangwa ukutani haziondolewi mpaka atoke nje na mtoto wake. Anayeziondoa ni kama anamtakia mtoto baridi.

Na mzazi wa siku zile alikuwa mke wa mtoto wa marehemu mwenyewe, aliyejifungua mtoto wa kike, mjukuu wake wa kwanza. Mama wa mke huyo alikuwa amekuja kutoka Mlangali kumwuguza mwanawe, amebeba maharage na kuku, na mara tu alipofika aliliona lundo la kuni kuwa dogo mno kwa mwanawe. Hakuwa amehudhuria baraza lolote la kwetu. Akawakusanya wanawake wa jirani, wakaenda kutafuta, wakakuta bondeni magogo mazuri yamelala bila mwenyewe. Wakayabeba vichwani wakiimba. Wengine nao walikumbuka kuni walizoficha darini, wakaziteremsha na kuleta pia, maana wapi tena pa kuziweka penye usalama kuliko kwa mzazi, ambapo hata jumbe hagusi? Kwa upendo mtupu, mdudu wote wa kijiji alikuwa amekusanywa mahali pamoja, ukutani mwa nyumba iliyo karibu kuliko zote na msitu wa shule.

Nilikuwapo siku ile kwa sababu nilikuwa nimekuja kuhusu kenchi, na Bwana Miti naye alikuwa amefika. Tulimkuta marehemu amesimama nje ya uzio wa mianzi, hawezi kuingia. Mnaelewa kwa nini. Nyumba ya mzazi ilikuwa ya mkwewe, na baba mkwe hasogelei huko. Tena mama wa mzazi ni mkwewe vilevile, na hakuruhusiwa kusemezana naye ana kwa ana. Kwa hiyo alimwita mkewe, na mazungumzo yote yakapita kwa mkewe, ingawa wale wakwe wawili walikuwa wamesimama karibu kiasi cha kusikiana hata wakinong’ona.

“Mama,” alimwambia mkewe, “mwambie mkwe zile kuni ni za mtego.”

“Amesikia,” akasema mkewe.

“Wewe mwambie.”

“Mkwe, anasema kuni hizi ni za mtego.”

Mama wa Mlangali aliendelea kupepeta maharage yake. “Dada, mwulize mkwe ni mtego wa kunasa nini. Mimi nimeyabeba magogo haya kwa kichwa changu, sikuona kitanzi.”

“Mwambie wa kunasa mdudu.”

“Mwulize, mdudu huyo analiwa?”

Wanawake waliokuwa uani wakaangua kicheko, na marehemu akakuna shingo. Bwana Miti, ambaye hakufungwa na ukwe wowote, akaingia, akachukua panga, akabandua kipande cha gome kwenye gogo moja. Pakaonekana mifereji imejaa unga wa mti, na ndani yake funza weupe, wanene, wakijikunja kwa mwanga. Kicheko kikaisha. Akaeleza kwa upole, bila kutaja faini. Akasema baadhi ya kuni hizi, zile zilizotoka darini, zimekaa muda mrefu na funza wameshatoboa ndani, kwa hiyo kuzibambua hakutasaidia. Inabidi ziteketee. Akasema angependa zote zitolewe leo, zikachomwe bondeni.

“Hazitoki,” akasema mama wa Mlangali. Hakupandisha sauti. “Mwanangu yumo ndani na mtoto wa siku chache. Kuni zake zitoke mlangoni mbele ya macho yangu, zichomwe shambani kama takataka? Nikirudi Mlangali nitasema nini?”

Bwana Miti alimtazama marehemu ng’ambo ya uzio. Alikuwa na mamlaka ya kuita tarishi wa jumbe, na sote tulijua, na yeye alijua kwamba tunajua. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa dakika yenyewe. Kama kuni zile zingetolewa kwa nguvu, mdudu angekufa pale, lakini kila nyumba kutoka pale hadi Lugarawa ingeficha kuni zake vizuri zaidi, na paa la shule lingeliwa na funza wa nyumba nyingine. Kama zingeachwa, joto likirudi lingeliwa na hawa hawa.

Marehemu aliweka mikono yake mikubwa juu ya mianzi ya uzio. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu wa baraza: “Mama, mwambie mkwe hakuna atakayetoa kuni za mjukuu wangu. Mwambie ninamshukuru kwa kuzibeba. Halafu mwulize yeye, maana ndiye mwenye nyumba hii kwa sasa. Kama kuni haziwezi kutoka, na mdudu hawezi kubaki, tufanyeje?”

Mkewe hakuwa na haja ya kurudia, na kwa mara ya kwanza hakurudia. Mama wa Mlangali aliacha kupepeta. Alilitazama lundo lile refu, akatazama chungu chake kimoja juu ya mafiga.

“Dada,” akasema polepole, “mwambie mkwe kuni ni za kupikia. Kama hazitoki, zitaishia hapa hapa. Lakini chungu kimoja hakiwezi. Wote waliobeba, waje na vyungu vyao.”

Wakaja. Nimeona sherehe nyingi, lakini ile sikuwahi kuiona kabla wala baada. Kila mwanamke aliyeleta gogo alikuja na chungu, unga wake na watoto wake, na kwa siku kadhaa hapakupikwa katika nyumba nyingine yoyote ya jirani. Uani palikuwa na mafiga kama soko. Walipika kande, maharage, viazi, togwa, wakachemsha maji ya kuogea watu wasiokuwa na mpango wa kuoga. Wanawake wa Kilutheri na wa misheni ya Wakatoliki, ambao kwa kawaida walikutana visimani tu na kwa salamu fupi, walikaa moto mmoja wakisemezana juu ya waume. Zilizotoka darini zilichomwa kwanza. Magogo ya bondeni, ambayo funza wake walikuwa bado chini ya gome, yalibambuliwa pale pale na vijana wa miwati, yakabaki meupe na kupangwa upya ukutani, na mzazi hakupungukiwa. Kuku wa uani walinenepa kwa funza. Kuku wa Mlangali, aliyeletwa kwa ajili ya supu, alishiba hata wakamwonea huruma, akaahirishiwa.

Na marehemu? Hakuvuka uzio. Alisimama upande wake, na magome yote yalipobambuliwa yalirushwa juu ya mianzi, yeye akiyapokea, akiyakusanya kwa reki mpaka kipande cha mwisho, na kuyachoma katika shimo alilolichimba mwenyewe. Alikuwa mwimbaji mbaya wa kwaya, wa kuvuta sauti pale wengine waliposhusha, na siku zile aliimba bila kukoma upande wa pili wa uzio. Mkwewe alimwomba mkewe amwambie kwamba mtoto amelala. Akanyamaza, akaendelea kukusanya.

Nilimwuliza baadaye kwa nini hakumwachia Bwana Miti amalize kazi kwa njia yake.

“Fundi, nilikwenda kwao na mdudu wangu,” akasema. “Nilikuwa nawaambia mdudu, mdudu, mdudu. Hakuna anayempenda mdudu. Wao walikuwa na mtoto.”

Hayo tu. Hakuwa mtu wa maneno. Lakini tangu hapo hakutegemea tena baraza. Aliwaachia wanawake, nao wakajiwekea desturi yao, kwamba kuni za mzazi ziletwe zimebambuliwa. Kupeleka kuni yenye gome kwa mzazi ikawa kama kumpa mgeni maji katika kikombe ambacho hakijaoshwa. Hakuna anayetoza faini kwa kikombe kichafu, lakini hakuna anayekitoa. Mama wa Mlangali aliporudi kwao aliondoka nayo desturi hiyo, na nasikia huko sasa wanaihesabu kuwa ya kwao tangu zamani. Bwana Miti alipoliona jambo hilo, hakuona haya kubadili mahubiri yake. Alianza kupita kliniki za wajawazito badala ya mabaraza, na alikuwa akisema kwamba somo hilo hakulikuta chuoni wala hakumlaumu mwalimu kwa kutolijua.

Sitaki kupamba. Mikaratusi mingi ilikufa. Ile ya kilimani, iliyopandwa penye udongo mwembamba, tulikuta haina kitu ndani ila unga, na paa nililoahidi nilitengeneza fupi kuliko tulivyopanga. Chumba kimoja kilingoja miaka. Mdudu mwenyewe hajaisha. Nikipita msituni mwezi wa kumi bado naona vitundu vyake vya kutokea, vyenye umbo la yai, na magogo ya mtego bado yanalazwa bondeni na kubambuliwa kwa wakati. Lakini shule imesimama, ina madarasa ya juu, na mtoto aliyezaliwa wakati wa kuni zile sasa anasoma humo. Nikitazama juu kenchi zangu, naona mafundo ya mti ninayoyakumbuka kwa sura.

Siku hizi mikutano ni mingi, na vijana wanasema mengi juu ya nchi itakavyokuwa tutakapoiongoza wenyewe. Nawasikiliza kwa furaha, na simo katika wale wanaotikisa kichwa. Ninachowaza ni kwamba tutakuwa na mambo mengi ya kuwaambia watu, na mengi yatakuwa ya kweli kama alivyokuwa wa kweli yule mdudu. Tutashawishika kuyasema kama tulivyosemewa sisi, kutoka juu ya meza, na faini mkiani. Mkaratusi ni mgeni kwetu, mdudu wake ni mgeni, na elimu ya kumzuia nayo ilikuja kutoka mbali. Hakuna ubaya. Lakini vilipata nafasi ya kukaa nasi pale tu vilipopitia mahali ambapo watu tayari walikuwa na jambo la kulipenda.

Nilifika msibani na mbao zangu mchana. Nikapima, ingawa sikuhitaji, nikaanza kazi nyuma ya nyumba. Wakati nikiranda walikuwa wakiingia watu kutoka pande zote, wa karibu kwa miguu na wa mbali kwa malori, na kama ilivyo kwetu, kila mtu alikuja na kuni kwa ajili ya moto wa wafiwa. Walizitua ukutani mmoja baada ya mwingine na kwenda kukaa. Sikutazama kwa makini mpaka nilipoinuka kunyoosha mgongo. Lundo lilikuwa limefika dirishani, na lilikuwa jeupe kutoka chini hadi juu. Hapakuwa na kipande kimoja chenye gome. Hakuna aliyetangaza, kwa maana hii haikuwa nyumba ya mzazi, na desturi ile ilikuwa ya wazazi tu. Nilimwuliza mama mmoja, mgeni kwangu, aliyekuwa akitua mzigo wake, ni nani aliyewaambia.

“Kutuambia nini, baba?”

“Mbambue.”

Alinitazama kama niliyemwuliza ni nani aliyemwambia anawe mikono. “Kuni si ndivyo zilivyo,” akasema, akaenda kulia na wenzake.

Nilirudi kwenye jeneza nikaendelea. Nimejifunza kwamba kazi ya mtu imekamilika si pale watu wanapomtii, bali pale wanapolifanya jambo lake bila kujua kwamba liliwahi kuwa lake. Mzee wetu alilazwa jioni ile, na jeneza lilimtosha. Ile mbao niliyoiongeza haikuhitajika. Nilimwachia mjane kwa ajili ya mlango wao, ule aliouinamia mzee miaka yote, na nikamwambia niko tayari kuja kuupandisha, usiwe mfupi tena.